Sahani ya Adamu na Wake Zake Watatu

Jumapili, 9 Novemba 1997

Naandika kwa sababu nikisema napiga kelele, na hapa Makanyagio jirani akipiga chafya unamwitikia ukiwa kitandani kwako. Daftari hili ni la vipimo vya wateja wangu. Mbele viuno na mabega, nyuma mimi.

Leo baada ya misa amekuja baba mkubwa Hilari, kaka wa marehemu baba mkwe wangu. Alikunywa chai, akala maandazi yote, akayasifia sana, ndipo akatoa kilichomleta. Mume wangu Aloyce anataka kuoa mke wa pili huko Kibaoni anakonunua mpunga. Na mimi nitabeba sahani.

Niieleze hiyo sahani, maana siku moja wanangu watasoma hapa na watataka kujua mama yao alichanganyikiwa kwa ajili ya nini.

Ni ya kaure, nyeupe, nzito kidogo, ukiigonga kwa ukucha inalia. Ukingo ulikuwa na dhahabu ila umefutika kwa mikono ya watu. Katikati kuna picha ya rangi. Mwanaume wa Kizungu amekaa chini ya mti, ananyoosha mkono wenye tunda. Mbele yake wamesimama wanawake watatu, uchi, vitambaa vimewaponyoka. Mmoja ana mtoto mwenye mabawa pembeni. Mwingine ana ndege wa mkia mrefu. Wa tatu ameweka chini kitu ambacho ukoo wa mume wangu wanasema ni sufuria.

Babu aliyemzaa babu yake Aloyce alipewa na padre mmoja wa misheni ya kule ziwani, padre alipokuwa anarudi kwao Ulaya. Akaja padre mwingine, akamwambia ukitaka ubatizo bakiza mke mmoja, hawa wawili waache. Mzee akaenda nyumbani akarudi na sahani. Akasema: "Huyu ni Adamu, na tunda hilo hapo. Hesabu wanawake. Na sahani ni yenu, si yangu." Wanasema padre alikosa jibu. Mzee alibatizwa Leonidas siku anakata roho, wake wote watatu wamemzunguka.

Tangu hapo kwa Wabende hawa wa ukoo wa mume wangu sahani ni Maandiko. Mwanaume akiongeza mke, mke mkubwa anaichukua kwa mikono yake, anaitia chumvi ya Uvinza, anaipeleka kwao na binti. Chumvi ikipokelewa, yamekwisha. Mke mkubwa asipobeba, hakuna kitu. Ndiyo maana humu ndani wakisema fulani "amebeba sahani" wana maana amekubali.

Kwa hiyo wananihitaji. Baba mkubwa hakulisema hilo, lakini maandazi yangu hayajawahi kusifiwa namna ile.

Nilimjibu kwamba nina magauni ya watu ya kumalizia.

Jumanne, 11 Novemba

Aloyce nimemuuliza mwenyewe. Aliangalia viatu vyake. Anasema mpunga ukikaa kule Kibaoni bila mtu wake unaliwa na kila mtu, anahitaji mtu wa kuuangalia.

Nikamwambia aweke mlinzi.

Akasema mlinzi hapiki.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua. Kitambaa cha sare kimeota ukungu.

Alhamisi, 20 Novemba

Mama mkwe amehamia kwangu kutoka Ilembo, ati nyumba yake inavuja. Kweli inavuja, nilikwenda kuona. Lakini ilikuwa inavuja mwaka jana pia. Kila asubuhi anapokea uji wangu, anapuliza, anauliza: "Lucia, utabeba?" Mimi namjibu: "Uji una sukari, mama?" Yeye anasema una sukari. Tumemaliza.

Mama mkwe huyu, Scolastica, naye alibeba enzi zake. Alibeba akiwa na mimba ya Aloyce, kwa miguu, kutwa nzima. Analisimulia hilo kila siku, na kila siku nazidi kumchukia, Mungu anisamehe. Kama uliumia, mbona unataka na mwenzio aumie?

Jumapili, 30 Novemba

Mvua. Redioni wanaiita Elinino. Aloyce ameondoka na lori la mpunga jana, akasema siku chache. Hakuniaga vizuri na mimi sikumfungashia chakula.

Jumatano, 10 Desemba

Sista Theopista wa parokia alikuja kuchukua kanzu zao. Nimemshonea miaka, lakini ndani kwangu hakuwahi kuingia, tunaishia barazani kwenye cherehani. Leo mvua ilimwingiza.

Sahani inakaa kabatini, na ina kijinguo chake cha kitambaa nilichokishona mimi mwenyewe nilipoolewa, ili padre akija kubariki nyumba asione matiti. Leo kijinguo kilikuwa kwenye kamba, na kwa mvua hii hakikauki kitu. Sista akaiona. Alisogea, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akaanza kucheka mpaka akakaa.

"Lucia, hii umeitoa wapi?"

Nikamweleza Adamu na wake zake. Akacheka upya, akaomba radhi, akacheka tena. Nilianza kuudhika.

"Mwanangu, huyu si Adamu," akasema. "Na wala si Biblia. Hii ni hadithi ya Wagiriki wa zamani, kabla ya Kristo. Huyu kijana ni mchunga ng'ombe. Hawa ni miungu yao ya kike. Waligombana nani mzuri kuliko wote, wakamletea mchungaji tunda, wakamwambia mpe mmoja wetu. Kila mmoja akamhonga chake. Akampa huyu mwenye mtoto. Wale wawili wakaondoka na kinyongo, ikaja vita, mji mzima ukateketea."

Nikamuuliza sufuria je. Akasema ni kofia ya chuma ya vitani.

Alisoma Ubelgiji, anasema sahani kama hizi huko wanaziweka kwenye makabati ya vioo na hakuna anayezilia. Wazungu walikuwa wanapeleka picha zao Uchina kwa meli, Mchina anachora kwenye sahani, meli inarudisha. Mchina hakujua anachora nani. Aliambiwa chora, akachora, akawapa macho ya watu anaowajua.

Hapo nilitamani kulia, kwa furaha. Siku ya kwanza naletwa humu bibi harusi nilisema hawa watu ni Wachina. Baba yangu alijenga reli ya Tazara na Wachina, tulikuwa tunawaona wakija kunywa chai kwetu, nayajua yale macho. Ukoo mzima ulinicheka. Hilari alisema bibi harusi anamwona Adamu Mchina.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimemfuata baba mkubwa nyumbani kwake nikiwa nimelowa mpaka mifupa, nikampa hadithi yote ya Wagiriki. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Wagiriki hawakuleta sahani hapa. Mapadre ndio walileta."

"Sista amesoma huko huko kwa mapadre, baba."

"Sista amesoma vitabu. Sahani hii inajulikana na sisi."

Nimerudi nimeshona zipu juu chini.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi bila Aloyce. Dereva mmoja amesema Mto Katuma umefurika pale Sitalike, barabara haionekani, viboko wanalala palipokuwa na maduka. Hakuna gari linalotoka Kibaoni wala linaloenda.

Watoto wameuliza baba yuko wapi. Mama mkwe akawaambia baba yuko kwenye maji. Wakalia wote. Nikamfokea mbele ya wageni.

Jumapili, 4 Januari 1998

Mvua.

Jumatatu, 5 Januari

Mvua. Sijui yuko kwa nani. Sijui anafuliwa nguo na nani.

Jumatano, 14 Januari

Siwezi kutulia. Nakaa kwenye cherehani, nainuka, nakwenda mlangoni, narudi, nasahau nilichoinukia. Jana nimekata mkono wa kushoto mara mbili kwenye kitambaa cha mteja, gauni lina mikono miwili ya upande mmoja. Nafungua kabati, naitazama sahani, nafunga. Namwangalia yule mwanaume. Ukimtazama sana hana sura ya mtu anayetoa. Mkono umetangulia, uso umebaki nyuma. Aloyce ni hivyo hivyo. Tangu nimeolewa sijamwona akichagua kitu. Shati namchagulia mimi. Majina ya watoto alichagua mama yake. Hata hii ndoa ya Kibaoni, nikifikiria vizuri, sidhani kama aliitaka siku yoyote kwa moyo wake. Watu walimkalisha, wakampa chai, akaona kukataa ni kazi.

Hilo halinipunguzii hasira. Linaniongezea.

Jumamosi, 24 Januari

Mama mkwe ana homa. Nimemkanda kwa maji usiku kucha na leo mchana. Anasaga meno na kuita watu waliokufa.

Jumanne, 27 Januari

Amepata nafuu. Nilimletea uji, akapuliza, nikangoja swali. Hakuuliza. Alikunywa wote, akashika kikombe kikiwa tupu.

"Mimi sikuulizwa," akasema. "Niliikuta sahani imeshatiwa chumvi, iko mlangoni. Wewe nimekuuliza kila asubuhi."

Nikasema, mama, ulikuwa unaniuliza au unanisukuma?

"Nilikuwa nataka nione kama mtu anaweza kukataa. Umenichosha, mwanamke wewe. Kila siku sukari."

Nimekaa naye mpaka akalala. Miezi miwili namchukia huyu mama kumbe alikuwa ananiangalia kama mtu anavyoangalia mpira.

Jumatatu, 9 Februari

Aloyce amerudi. Amekonda, ana matope mpaka nyusi. Watoto wamemrukia. Mimi nilibaki jikoni mpaka aliponifuata, na moyo wangu, mjinga kabisa huu, ulifurahi. Nilimpashia maji ya kuoga.

Kabla hajaingia kuoga nikamuuliza kama bado anaoa. Akasema: "Baba mkubwa ameshaongea nao."

Sikumpa sabuni.

Jumatano, 25 Februari

Majivu. Hilari ametuma ujumbe kwamba shughuli itakuwa baada ya Pasaka, tusichafue Kwaresima. Nimecheka peke yangu kanisani mpaka katekista akanigeukia.

Jumapili, 15 Machi

Mvua imepungua. Mahindi ya Ilembo nusu yamelala. Nimepalilia nusu iliyosimama.

Jumamosi, 28 Machi

Nimewaambia nitabeba.

Hilari aliinuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Aloyce aliangalia viatu vyake. Mama mkwe alinitazama muda mrefu, akasema atakuja na mimi, hata kama mgongo hautaki. Sijamwambia mtu ninachokifikiria. Nikikataa tu, watanikalisha mwaka huu na mwaka kesho, wataniletea mashangazi, mwisho nitachoka nibebe kweli. Bora twende huko, sahani yao iseme yenyewe.

Nisiandike uongo hapa: ninaogopa. Inaweza kusema kitu nisichotaka kusikia.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Kuku.

Alhamisi, 16 Aprili, Kibaoni

Tumefika jana kwa lori, tumekaa juu ya magunia matupu, sahani mapajani kwangu imefungwa kwenye kanga tatu. Kila shimo la barabara Hilari alikuwa anapiga kelele "sahani", hakuna aliyepiga kelele "Lucia". Shughuli ni kesho. Tumelala kwa ndugu zao na binti, Wapimbwe, watu wa adabu, wametupa kitanda chao.

Binti anaitwa Christina. Nilikuja nimejiandaa kumwona mtu wa kujipaka poda. Ni msichana mrefu, mpole, ana kovu la moto mkononi, anasoma magazeti ya zamani yaliyobandikwa ukutani huku anapepeta mchele. Asubuhi alinikuta kisimani. Alinipigia magoti.

"Dada, asante kwa kunichagua."

Nikamwambia sijaelewa.

"Tumeambiwa ni wewe umeniomba. Kwamba umechoka, kazi ya cherehani ni nyingi, ukasema tafuteni mwenzangu. Bibi yangu ndiyo akakubali. Alisema mke mkubwa akiomba mwenyewe, hapo pana amani."

Nilikaa kwenye ukingo wa kisima. Ndoo yangu iliniponyoka, ikazama.

"Na Aloyce umempenda?" nikamuuliza.

Alifikiria kweli kweli. "Ni mtu mzuri. Hana maneno. Sijui anapenda nini. Kila nikimuuliza anasema chochote tu."

Jamani, huyo ndiye. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Sikumwambia kitu, maana ningeanza nisingemaliza. Nilimwinua magoti yake yana matope, nikamfuta kwa kanga yangu.

Ijumaa, 17 Aprili, Kibaoni

Naandika usiku huu huu, nisije nikasahau.

Walipanga mabenchi uani, wao upande ule, sisi upande huu. Bibi yake Christina amekaa kwenye kiti peke yake, kizee chembamba, ndiye wa kupokea chumvi. Christina kwenye mkeka kando yake. Hilari alisimama akaeleza sahani, mapadre, Adamu, mzee Leonidas. Anaeleza vizuri, nisimnyime haki yake. Hata mimi nilisikiliza. Halafu akasema: "Na huyu hapa mke mkubwa, kwa hiari yake, ameileta kwa mikono yake."

Nikatoka ndani na sahani imefunikwa. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu amenishika kiuno. Natakiwa kwenda moja kwa moja kwa bibi. Nikapita katikati ya ua, nikasimama mbele ya Aloyce.

Nikafunua. Chumvi ilikuwa pembeni kwenye ukingo. Katikati, pale pale juu ya mkono wa mwanaume wa picha, palikuwa na pera moja, la njano, nililochuma asubuhi nyuma ya nyumba yao.

Nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga:

"Wazee wangu, mimi sikumwomba huyu binti. Nimejua jana kwamba aliambiwa hivyo. Nimebeba sahani kwa sababu nyie mnasema sahani ndiyo inayojua. Basi tuifuate. Nimeitazama msimu mzima wa mvua. Adamu wenu ana wanawake watatu, lakini tunda analo moja. Na analitoa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, hatoi baba mkubwa wala mke. Aloyce, tunda lako hili. Mimi niko hapa. Christina yuko pale. Mpe unayemtaka, na mimi nitaheshimu."

Hilari alisema si utaratibu. Bibi alimwonyesha kiganja, Hilari akakaa.

Aloyce alilichukua pera. Aliniangalia. Akamwangalia Christina, ambaye alikuwa ameinua uso na hakuuteremsha. Akamwangalia Hilari, Hilari akatazama paa. Akamwangalia mama yake.

"Haya mwanangu," mama mkwe akasema. "Toa."

Aloyce aligeuzageuza lile pera mkononi, akalifuta kwenye suruali. Alipiga hatua moja mbele, akasimama. Halafu akalipeleka mdomoni, akaling'ata.

Alitafuna. Nadhani hata yeye alishtuka, lakini alikuwa ameshaanza, angefanya nini. Akamaliza lote na mbegu zake, anatutazama kwa macho ya mtu aliyefumaniwa.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama mkwe. Alicheka mpaka akashika mgongo. Bibi hakucheka. Aliinuka, akaja kwangu, akakung'uta chumvi yote kutoka kwenye sahani, akaimimina kwenye kiganja cha Hilari.

"Rudini nayo," akasema. "Mtu huyu mjukuu wangu angemwangalia kila siku akisubiri aseme neno. Hapana."

Christina alinyanyuka kwenye mkeka. Alipopita karibu yangu alinigusa begani, akaenda zake kwenye mchele wake.

Jumatatu, 20 Aprili

Tumerudi. Hilari hasemi na mimi. Sahani iko kabatini. Wateja wanapita kuja kuulizia nguo ambazo hawakuleta, wanataka tu kuniona. Wanasema nimeshinda.

Jumatano, 22 Aprili

Kama nimeshinda mbona silali?

Nimelijua leo nikiwa naweka uzi kwenye sindano. Nilikuwa nataka kujua angempa nani. Hilo tu. Miezi yote hii hasira yangu yote ilikuwa ni hiyo, na alikuwa amepiga hatua moja, na ile hatua ilikuwa katikati, si kwangu si kwa yule. Sasa sitajua.

Jumamosi, 25 Aprili

Jua. Tumekwenda Ilembo, mimi na Aloyce, kuinua mahindi yaliyolala. Anafanya kazi vizuri, hana uvivu, hilo halina ubishi. Tulipopumzika nikamuuliza bila kumtazama.

"Siku ile Kibaoni. Ungempa nani?"

Niliona anatafuta kweli, si kwamba anakwepa. Nilimngoja, nimeshika jembe kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma.

"Nilikuwa na njaa, Lucia," akasema.

Niligeuka nione kama ananitania. Hanitanii.

Tukarudi. Nimepita buchani, nimenunua nyama nzuri, nimeipika na nyanya taratibu. Jioni nimepakua. Mama mkwe nimempa minofu, watoto nimewapa, Aloyce nimempa mchuzi. Nyama zote zilizobaki nimejiwekea mimi, nimekaa mezani mbele yake, nimekula mpaka nikashiba.